Usivuke Mwaka na Matibabu Nusunusu

Na DAKTARI WETU

DESEMBA ni mwezi wa kufunga hesabu. Mwenye duka huhesabu mali iliyobaki rafuni, akina mama wa chama hugawana akiba yao, na mwenye deni hutafutwa hadi mlangoni. Lakini ipo hesabu moja ambayo wengi wetu huivusha mwaka baada ya mwaka bila kuifunga, nayo ni hesabu ya mwili.

Ukitaka kuiona, fungua droo au mfuko unamoweka dawa nyumbani. Humo huenda ukapata nusu pakiti ya tembe ulizoandikiwa mwezi Mei, chupa ya dawa ya mtoto iliyogandamana mdomoni, kadi ya kliniki ya presha yenye tarehe iliyopita, na karatasi ya maabara inayokutaka urudi kuchukua majibu baada ya wiki mbili. Kila kimoja ni matibabu yaliyokatizwa njiani. Wahenga walinena kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Sababu za kuacha ni nyingi na si zote za uzembe. Maumivu hutulia, mtu akadhani amepona. Nauli hukosekana. Foleni ya hospitali humla mtu siku nzima ya kibarua. Na wapo wanaoogopa tu kuambiwa jambo baya. Ninawaelewa wote hao, lakini maradhi hayajali sababu.

Dawa zilizobaki

Tuanze na ile nusu pakiti. Dawa za kuua bakteria hupewa kwa muda maalum. Maradhi mengine hutosheka na siku 3, mengine huhitaji 7, mengine hata zaidi. Mtoto mwenye maambukizi ya koo yaliyosababishwa na bakteria fulani anaweza kuandikiwa penisilini ya siku 10, ingawa koo huacha kuuma siku ya tatu. Muda huo mrefu una maana yake: maambukizi hayo yasipotibiwa vyema yanaweza kuleta homa inayoharibu vali za moyo, na mtoto akaishi na ugonjwa wa moyo maisha yake yote.

Ukiona umepata nafuu na dawa bado zipo, muulize aliyekuandikia kabla ya kuziacha. Zile ambazo tayari zilibaki usizimalizie sasa, wala usimpe jirani mwenye homa. Hazitoshi kumtibu, na huenda hata si za ugonjwa wake. Dawa ya unga ya mtoto iliyokwisha kuchanganywa na maji haidumu. Nyingi huharibika kati ya siku 7 na 14, hata zikiwekwa kwenye friji. Kusanya mabaki hayo yote na umpelekee mfamasia ili yaharibiwe ipasavyo.

Kifua kikuu hakitaki haraka

Katika magonjwa yote ninayotibu, hakuna unaowahadaa wagonjwa kama kifua kikuu. Matibabu ya kawaida huchukua miezi 6. Miezi 2 ya kwanza mgonjwa hutumia dawa za aina nne, na miezi 4 inayofuata hutumia aina mbili. Taabu ni kwamba baada ya wiki chache tu kikohozi hupungua, hamu ya chakula hurudi na nguo zilizokuwa zikipwaya huanza kukaa sawa. Mgonjwa hujitazama kwenye kioo na kusema amepona. Kumbe wapo bakteria waliosalia ndani ya mapafu, wakingoja.

Nilimtibu fundi mmoja wa magari aliyekuwa ameacha dawa mwezi wa tatu kwa sababu kazi ilikuwa nyingi na mwili ulikuwa na nguvu. Alirudi akikohoa damu. Makohozi yalipopimwa, yalionyesha kwamba bakteria wamekuwa sugu kwa mojawapo ya dawa kuu. Ilibidi aanze matibabu mengine, yenye madhara zaidi na yanayohitaji uangalizi wa karibu. Kilichomuuma zaidi ni kuwa nyumbani alilala chumba kimoja na mkewe na mtoto wa mwaka mmoja, ambao nao walilazimika kupimwa.

Ikiwa wewe au mtu wako aliacha dawa za kifua kikuu, rudi kliniki leo. Usizianze tena mwenyewe kutoka kwenye pakiti iliyobaki, kwa kuwa ni lazima makohozi yapimwe upya kwanza. Dawa hizi hutolewa bila malipo katika hospitali za serikali. Watoto walio chini ya miaka 5 wanaoishi na mgonjwa wapelekwe pia, hata kama hawakohoi, kwani zipo dawa za kuwakinga.

Presha na sukari

Kila Januari tunapokea wagonjwa waliopatwa na kiharusi wakiwa likizoni. Ukiwauliza jamaa zao, mara nyingi hadithi ni ile ile: dawa za presha ziliisha kabla ya Krismasi, au zilisahauliwa Nairobi wakati wa kukimbilia basi.

Presha ya 140/90 au zaidi, ikipimwa siku tofauti, ni ya juu. Mgonjwa anayeambiwa kuwa yake imeshuka hadi 125/80 hufurahi na kuacha tembe. Lakini ni tembe hizo zilizoishusha. Baadhi ya dawa za presha zikikatizwa ghafla huifanya ipande kwa kasi na kuutesa moyo. Ukiona zinakuchosha au zinakuvimbisha miguu, mwambie daktari akubadilishie. Aina ni nyingi.

Wenye kisukari nao wana deni lao. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 7 au zaidi, si jambo la kupuuza. Mbali na kipimo cha kidole, omba kile kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi 2 au 3 iliyopita. Kipimo hiki hakidanganywi na mtu aliyejinyima chapati siku mbili kabla ya kliniki. Kisha jiulize: mwaka huu macho yangu yamechunguzwa? Nyayo zangu je? Mambo haya mawili yanafaa kufanywa angalau mara moja kwa mwaka, kwa sababu kisukari huweza kupofusha macho na kuua hisia za miguu polepole bila maumivu.

Majibu yaliyolala maabara

Wengi hupimwa, wachache hurudi. Mwanamke hufanyiwa uchunguzi wa mlango wa kizazi, akaenda zake akijiambia kwamba kama kungekuwa na neno angepigiwa simu. Hospitali kukaa kimya si ushahidi kwamba uko salama. Namba ya simu huenda iliandikwa vibaya, au faili ikachanganywa na nyingine. Fuata majibu yako mwenyewe. Saratani ya mlango wa kizazi hutanguliwa kwa miaka kadhaa na mabadiliko yanayoweza kutibiwa kwa muda mfupi na mgonjwa akarudi nyumbani siku iyo hiyo. Kuyakosa majibu ni kuitupa nafasi hiyo.

Hali kadhalika kwa nyama iliyokatwa kwenye uvimbe wa titi au shingo ili ipimwe. Na aliyepima virusi vya Ukimwi siku chache tu baada ya kujiweka hatarini anapaswa kurudia miezi 3 baadaye, kwa kuwa maambukizi mapya huenda yasionekane mapema. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi hupimwa zaidi ya mara moja, na kipimo cha miezi 18 ni muhimu sana. Mama akipata majibu mazuri ya wiki 6 asidhani kazi imekwisha.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Jibu baya lililopatikana mapema ni afadhali kuliko jibu lililoachwa maabara hadi mwili ukalitangaza wenyewe.

Kadi ya mtoto

Itoe kadi ya kliniki ya mtoto uisome mstari kwa mstari. Chanjo inayosahauliwa sana ni ile ya pili ya surua na rubela, ambayo hutolewa miezi 18. Mzazi hukumbuka ya miezi 9, kisha mtoto akianza kukimbia kadi hupotelea kabatini. Tone la vitamini A nalo hutolewa kila miezi 6 tangu mtoto anapofikisha miezi 6 hadi miaka 5. Wasichana wa miaka 10 wana chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2019.

Ukikuta pengo, usione haya. Kwa kawaida chanjo hazianzwi upya. Muuguzi huendelea pale zilipokomea.

Aliyeumwa na mbwa ana jambo la haraka zaidi. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni ya sindano kadhaa kwa tarehe zilizopangwa, na kupona kwa kidonda si sababu ya kuacha. Dalili za ugonjwa huo zikishatokea, karibu kila mgonjwa hufa.

Kabla ya kupanda basi

Wanaokwenda mashambani wabebe dawa za siku zote watakazokaa, na za wiki moja zaidi. Wanaotumia ARV waende kliniki mapema wachukue za kutosha. Dawa ziwekwe kwenye mkoba wa mkononi, wala si kwenye begi la juu ya gari. Insulini inayotumika hustahimili takriban wiki 4 nje ya friji iwapo haipati joto kali. Kusiko na friji, chungu cha udongo kilicholoweshwa nje, kikiwekwa kivulini, husaidia.

Wakazi wa Nairobi wanaozuru Pwani au eneo la Ziwa Victoria walale ndani ya neti. Ukipatikana na malaria, dozi ya kawaida ya mtu mzima ni tembe 24 kwa siku 3, yaani tembe 4 mara sita, na ni vyema kuzimeza pamoja na chakula au maziwa. Wengi huacha siku ya pili jasho likikauka. Na ukirudi jijini kisha upatwe na homa, hata baada ya wiki kadhaa, mwambie daktari ulikuwa wapi.

Pesa pia ni sehemu ya hesabu hii. Tangu Oktoba 1, 2024, mamlaka ya SHA ilichukua nafasi ya NHIF. Hakikisha kwamba wewe, mwenzi wako na watoto mmesajiliwa na kwamba michango imelipwa. Haifai kugundua pengo hilo mlangoni pa wadi.

Uanzie wapi?

Mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik alionyesha katika utafiti uliochapishwa mwaka 1927 kwamba watu hukumbuka zaidi kazi iliyokatizwa kuliko iliyomalizika. Huenda ndiyo sababu uvimbe usioonyeshwa daktari humwamsha mtu saa nane za usiku. Andika madeni yako yote kwenye karatasi moja, kisha uyagawe hivi:

Leo: dawa za kifua kikuu, ARV au insulini zilizokatizwa, sindano za kichaa cha mbwa, kukohoa damu, damu kwenye choo. Maumivu makali ya kifua hayangoji hata zamu ya kliniki, kimbia hospitali.

Wiki hii: dawa za presha na sukari, majibu ya maabara, uvimbe wowote mpya, chanjo za mtoto, sindano ya kupanga uzazi ambayo miezi 3 yake imekwisha.

Januari: jino lililooza lisilouma kwa sasa, miwani, uchunguzi wa kawaida. Hata haya yaandikie tarehe na jina la kliniki, kwani neno "baadaye" halimo katika kalenda.

Huenda usiyamalize yote kabla ya tarehe 31. Chukua lile la kwanza kwenye orodha yako, na kesho asubuhi, kabla ya kwenda sokoni kununua mbuzi wa sikukuu, pitia kliniki.