Foto ya kusaidia haki inaanzia ku dirisha

Ndugu wafanyakazi, nanyi bamama wa ku nyumba, siku hizi foto ya telefone inafanya kazi ya shahidi. Boti imepasuka, kaske iko na ufa, saa za ziada hazionekani ku buletini ya mushahara: delegé wa sindika anataka kuona, inspeksio ya kazi pia. Lakini foto nyingi zenye tunapokea ni giza tupu. Hapo haki inakwama, na kumbe mwangaza hauuzwi.

Kwanza, panguza kioo kidogo cha kamera na kitambaa kisafi. Vumbi yetu nyekundu ikikaa pale, foto inakuwa kama ukungu.

Pili, sogea ku dirisha ao ku mulango wazi, mwangaza uingie kwa pembeni. Mwangaza wa pembeni unaonyesha ufa, flashi inauficha. Jua la saa sita ni kali sana: ngoja asubuhi ao jioni, ao ingia ku kivuli. Upande wenye giza, simamisha karatasi nyeupe ao shuka, itarudisha mwangaza.

Usiku, umeme ukikatika, lampi ya kichwa usiielekeze ku kitu chenyewe. Elekeza ku ukuta mweupe, mwangaza urudi polepole. Telefone uiegemeze ku kiti, isitikisike.

Buletini, ilaze ku meza, zima flashi, shika telefone sawasawa juu yake, kivuli chako kisianguke pale. Gusa maandishi ku kioo cha telefone ili kamera iyaone vizuri.

Kila mara piga foto tatu: ya mbali yenye kuonyesha fasi, ya katikati, na ya karibu. Weka kibiriti pembeni ya ufa, ukubwa wake ujulikane.

Kutengeneza foto nako hakuombi franka. Programu ya bure kama Snapseed inatosha, ao ile yenye iko tayari mu telefone. Ongeza mwangaza kidogo, kata pembeni zenye hazina kazi, basi. Usiongeze rangi ya damu, usifute alama hata moja: wakigundua, hata ukweli wako watauita uongo. Na mbele ya kugusa kitu, fanya kopi. Foto ya kwanza inabeba tarehe na saa ndani yake. Ukiituma mu WhatsApp kama foto ya kawaida, inapunguzwa na zile habari zinapotea. Itume kama «Document».

Angalisho mbili. Fasi yenye baruti, ao yenye sheria inakataza telefone, usiitoe, mwite delegé. Na mwenzako akiumia, musaidie kwanza, halafu umuombe ruhusa mbele ya kupiga foto.

Leo jioni jaribu na buletini ya mwezi huu, wewe na bibi yako ao mutoto. Kama munasoma kila namba bila kubahatisha, foto iko sawa. Ichunge.