Masasi–Newala kwa Ndege: Dakika Kumi na Mbili Zisizookoa Muda

Masasi ina kiwanja cha ndege, na Newala pia. Ukiweka rula kwenye ramani, utaona kwamba kutoka Masasi hadi Newala unakwenda mashariki kama kilomita 53 na kushuka kusini kama 25. Kwa kanuni ya pembetatu tuliyofundishwa shuleni, mstari ulionyooka kati ya miji hiyo ni takriban kilomita 60. Barabara inapinda na kupanda ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde, hivyo inafika kama kilomita 70.

Je, ndege ingetumia muda gani? Ukigawanya 60 kwa mwendo wa ndege kubwa ya abiria, kilomita 800 kwa saa, unapata dakika nne na nusu. Hesabu ni sahihi, lakini safari hiyo haipo. Ndege ya namna hiyo hufikia mwendo huo ikiwa juu sana, na kabla haijafika huko ingekuwa imeshaipita Newala. Ndege inayofaa viwanja vidogo ni kama Cessna Caravan, inayokwenda karibu kilomita 300 kwa saa. Hiyo ingechukua dakika 12. Upepo wa kusi ukiipinga kwa kilomita 30 kwa saa, inaongezeka dakika moja na ushee tu.

Sasa jumlisha yasiyoonekana kwenye ramani. Kupaa, kuzunguka na kutua, weka dakika 10. Kufika kiwanjani mapema, kupima mizigo na kungoja, weka saa moja. Bodaboda ya kwenda kiwanjani na ya kutoka, dakika 20. Jumla ni saa moja na dakika 42, na za safari yenyewe ni dakika 12 tu. Gari likienda wastani wa kilomita 50 kwa saa linafika kwa saa moja na dakika 24, tena linakushusha mlangoni.

Muda wa ardhini haupungui eti kwa sababu safari ni fupi. Kutoka Masasi hadi Dar es Salaam ni kilomita 430 hivi kwa mstari ulionyooka. Caravan hiyo hiyo ingeruka chini kidogo ya saa moja na nusu. Ukiongeza saa moja na nusu ile ile ya kupaa na kutua, kungoja na bodaboda, unapata kama saa tatu. Basi linalopitia Mingoyo na Lindi linakula karibu siku nzima. Hapo ndege inashinda bila ubishi.

Kwa hiyo anayetaka kuisogeza Newala karibu na Masasi atazame chini. Lami ya kilomita 160 kutoka Mnivata kupitia Newala hadi Masasi, pamoja na daraja la Mwiti, mradi unaofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, ndiyo itakayopunguza dakika. Gari likiweza kwenda wastani wa kilomita 70 kwa saa badala ya 50, msafiri anaokoa dakika 24, mara mbili ya zile dakika 12 za ndege.