Wanyonge wa Kombe la Dunia (3): Chui wa Zaire Hawakuwa Wajinga

Katika sehemu mbili zilizotangulia tuliona jinsi Afrika ilivyosusia fainali za 1966 ikidai nafasi yake yenyewe, na jinsi Morocco ilivyoitumia nafasi hiyo kule Mexico mwaka 1970. Leo nilikusudia kuigusa Zaire kwa haraka na kuvuka kwenda kwa Tunisia ya 1978. Lakini Novemba 16, 2025, mjini Rabat, Kongo, ndiyo Zaire ya zamani, iliitoa Nigeria kwa mikwaju ya penalti katika mchujo wa Kombe la Dunia, na tangu usiku ule mitandao imejaa tena picha za beki Mwepu Ilunga akiubutua mpira wa adhabu wa Brazil mwaka 1974. Watu wanacheka. Kicheko hicho kimeniudhi kwa miaka mingi, na leo nataka tukimalize.

Tuanze na uongo wa kwanza, kwamba Zaire walikuwa vibonde waliookotwa porini. Wale vijana walikuwa mabingwa wa Afrika. Taifa lao lilishatwaa Kombe la Mataifa mwaka 1968 kule Addis Ababa. TP Englebert ya Lubumbashi, ambayo leo ni TP Mazembe, ilibeba kombe la klabu bingwa Afrika mwaka 1967 na 1968, na AS Vita Club ya Kinshasa ikalibeba mwaka 1973. Machi 1974, mjini Cairo, Zaire na Zambia zilitoka sare ya 2-2 katika fainali ya Kombe la Mataifa, ikabidi irudiwe, na Zaire ikashinda 2-0. Mabao yote manne ya Zaire yalifungwa na mtu mmoja, Ndaye Mulamba. Katika mashindano yale alifunga mabao 9, na mpaka leo hakuna mchezaji aliyefikisha idadi hiyo katika fainali moja za Kombe la Mataifa.

Rais Mobutu aliwamwagia wachezaji nyumba na magari, wakaenda Ujerumani Magharibi vifua mbele, timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Mchezo wa kwanza, Dortmund, walifungwa 2-0 na Scotland, matokeo yasiyomwaibisha mtu. Kisha yakafuata mambo ambayo wanaocheka hawayataji. Wachezaji waligundua kwamba fedha walizoahidiwa hawatazipata. Kwa maelezo yao wenyewe, ziliishia mifukoni mwa viongozi waliofuatana nao. Wakatishia kutocheza na Yugoslavia. Wakashawishiwa, wakaingia uwanjani Gelsenkirchen Juni 18, lakini mioyo yao ilibaki hotelini.

Yaliyotokea siku hiyo yanauma hata kuyasimulia. Dakika ya 20 ilipopita tu, ilikuwa 3-0. Kocha Blagoje Vidinić, yuleyule aliyekuwa na Morocco mwaka 1970, naye mwenyewe Myugoslavia, akamtoa kipa Kazadi Mwamba akamwingiza Tubilandu Dimbi, kijana mfupi wa kimo. Mpira ukapigwa, na kabla Tubilandu hajatulia langoni, bao la nne likaingia. Katika vurugu za kulalamikia bao hilo, Mwepu akampiga mwamuzi teke kwa nyuma. Mwamuzi, Omar Delgado wa Colombia, akageuka na kumpa kadi nyekundu Ndaye Mulamba, ambaye hakufanya kosa lolote. Mfungaji bora wa Afrika akatolewa kwa kosa la mwenzake. Mpaka mapumziko ilikuwa 6-0, mpaka mwisho 9-0.

Mwepu alikuja kueleza miaka ya baadaye kwamba baada ya kipigo kile vitisho vilitoka kwa Mobutu: wakifungwa na Brazil mabao manne, wasirudi nyumbani. Nayo Brazil ilihitaji matatu ili ifuzu mbele ya Scotland. Vuta picha ya hali hiyo, msomaji: mbele yako mabingwa wa dunia, nyuma yako rais wa nchi, na mfukoni huna hata posho. Mpira ukatengwa, Wabrazil wakasimama wakipanga nani apige, kipenga kikalia, na Mwepu akachomoka ukutani akaubutua kwa nguvu zake zote. Akaonyeshwa kadi ya njano, na watangazaji wa Ulaya wakaiambia dunia kwamba Waafrika hawajui sheria za mpira. Mwepu alizijua vizuri. Alisema alifanya makusudi, kwa sababu hakuona maana ya kuendelea kuumia uwanjani huku watakaofaidi fedha wameketi jukwaani. Mchezo uliisha 3-0. Walirudi nyumbani, na hakuna aliyewasubiri kwa shangwe.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawa hawakutunzwa. Mwaka 1994 Ndaye alipigwa risasi mguuni na majambazi waliodhani ana fedha, muda mfupi baada ya kuenziwa katika Kombe la Mataifa kule Tunisia. Alikimbilia Afrika Kusini, akaishi maisha ya dhiki. Mwaka 1998, katika Kombe la Mataifa kule Burkina Faso, watu walisimama dakika moja kumkumbuka kama marehemu, naye yu hai. Alifariki kweli Januari 2019. Mwepu alimtangulia mwaka 2015.

Sasa tazameni Rabat. Nigeria ndiyo iliyopewa nafasi kubwa, na ikatangulia kufunga dakika ya tatu. Meschack Elia akasawazisha, na dakika 120 zikaisha 1-1. Mwishoni mwa dakika hizo kocha Sébastien Desabre alibadilisha kipa, akaingia Timothy Fayulu, na safari hii mabadiliko yakazaa matunda: Fayulu akapangua mkwaju wa Semi Ajayi, nahodha Chancel Mbemba akamaliza kazi. Siku chache kabla, wachezaji wa Nigeria walikuwa wamegoma kufanya mazoezi kwa sababu ya posho ambazo hazijalipwa. Ni zaidi ya miaka 50 tangu Gelsenkirchen, na ugonjwa ni uleule.

Ushindi huo uliipa Kongo nafasi katika mchujo wa mabara wa Machi 2026 nchini Mexico. Kwa viongozi wa soka wa Kinshasa, na wa Dodoma, Nairobi na Kampala, nina ombi moja: walipeni vijana haki yao kabla hawajapanda ndege, kwa maandishi na kwa wakati. Mnyonge mwenye moyo uliotulia anaweza kumwangusha kigogo yeyote. Aliyeibiwa na viongozi wake ameshafungwa kabla ya kipenga. Nawe msomaji, ukiletewa tena video ya Mwepu, mweleze aliyekutumia kwamba yule alikuwa bingwa wa Afrika akidai jasho lake.