Kukumbuka, kukumbusha, kukumbushana: picha katika nyumba za Katanga

Katika miji ya migodi ya Katanga, hasa miaka ya 1970, familia nyingi za wafanyakazi zilitundika sebuleni picha zilizochorwa na mafundi wa mtaani, mara nyingi juu ya kitambaa cha gunia la unga. Iliyopendwa mno iliitwa *Colonie belge*: askari mweusi anampiga mfungwa kiboko, na Mzungu anatazama. Picha za namna hiyo zilijulikana kwa neno moja: ukumbusho.

Neno hilo lastahili kuchunguzwa. Kukumbuka ni kazi ya mtu mmoja. Aweza kuifanya kitandani, gizani, asiseme lolote. Kumbukumbu hutoka huko. Bali ukumbusho umetokana na kukumbusha, kitenzi kinachodai mtu wa pili. Kikiongezwa -an-, twapata kukumbushana, ambamo kila mmoja ni mtoaji na mpokeaji pia.

Ndivyo picha ilivyofanya kazi. Mgeni aliketi, akaitazama, mwenyeji akaanza kusimulia jinsi baba yake alivyochapwa. Kupigwa mbele ya mke na watoto ni aibu isiyotajwa hivi hivi, lakini picha ilikuwa ya watu wote; msimulizi aliweza kujificha nyuma yake kidogo. Zaidi ya hayo, chini ya utawala wa Mobutu, fimbo ya jana iliruhusu kuzungumza juu ya fimbo ya leo. Johannes Fabian, aliyerekodi kwa Kiswahili mazungumzo yake na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu katika miaka ya 1973 na 1974, ameonyesha wazi kwamba picha hizo zilichorwa ili zizungumzwe.

Yote yalitegemea jibu la mgeni. Akitoa habari za baba yake mwenyewe, urafiki umeanza. Akinyamaza, mwenyeji amebaki uchi nyumbani mwake.

Hata hivyo, ukaribu huo una mipaka. Mwaka 1992 na 1993 wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalundikana kwenye stesheni wakingojea treni. Wazee wao na wazee wa waliowafukuza walikuwa wamevumilia kambi zile zile. Kiboko cha mkoloni kilikumbukwa bado pande zote mbili, ila wengi hawakukumbushana tena. Kuanzia mwaka 2000, mradi wa *Mémoires de Lubumbashi* uliwaalika wakaaji wa mji kusimulia maisha yao mbele ya wenzao, Wakasai wakiwemo.