Motokaa ya Stima au ya Petroli: Ipi Itamfaa Mkulima wa Thika na Ruiru?

Mkulima anayepeleka maziwa Thika au Ruiru asubuhi ameanza kuona jambo ambalo miaka michache iliyopita halikuwako. Basi humpita katika barabara kuu bila mngurumo na bila moshi. Mabasi hayo ya stima, ya kampuni ya BasiGo, yalianza kubeba abiria Nairobi mwaka 2022, na baadaye yakaanza kuunganishwa papo hapo Thika, katika kiwanda cha Kenya Vehicle Manufacturers. Ndipo mkulima hujiuliza: Je, na mimi ninayetaka kukopa fedha za kununua chombo cha kubebea mazao, nichukue cha stima au cha petroli? Swali hilo lataka kufikiriwa vema, maana mkopo kama huo hulipwa kwa maziwa na kahawa ya miaka mingi, na aliyenunua vibaya hana pa kukirudisha chombo chake.

Kwanza yafaa kujua kwamba jambo hili si geni sana. Nairobi ilipoanza kutumia umeme wa maji, ulitoka katika maporomoko ya mto Ruiru, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1900 hivi motokaa za stima zilikuwa nyingi katika miji ya Marekani, kabla petroli haijazishinda. Na huko Uingereza, katika miaka ya 1950 na 1960, maziwa yalipelekwa nyumba kwa nyumba kwa vigari vya betri. Wauza maziwa wale walijua walichokuwa wakifanya. Safari yao ilikuwa fupi, ile ile kila siku, ya kusimama mara nyingi, na kazi ikiisha gari lilirudi kulala mahali penye stima. Mkulima aishike sana habari hiyo, kwa sababu tutairudia.

Sasa tuhesabu fedha. Kutoka Thika mpaka Nairobi na kurudi ni kama kilomita 90. Motokaa ndogo inayotumia lita 8 za petroli kwa kilomita 100 itahitaji lita 7 na kidogo. Katika Oktoba 2023 petroli ilifika shilingi 217 kwa lita mjini Nairobi, na kwa bei ile safari hiyo moja ilikula zaidi ya shilingi 1,500. Motokaa ndogo ya stima, kwa safari hiyo hiyo, itatumia kama uniti 15, pamoja na zile zinazopotea wakati wa kuchaji. Tuseme uniti moja inakugharimu shilingi 30 pamoja na kodi zote. Jumla ni shilingi 450. Tena mwaka 2023 iliwekwa bei maalumu ya stima ya kuchajia magari, yaani shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 katika saa ambazo stima haitumiwi na watu wengi, kodi na ada nyingine zikiwa mbali. Bei hizi hubadilika, basi ulizeni ofisi ya Kenya Power bei ya leo, na kama mita yenu yaweza kuipata. Lakini hata petroli ikishuka sana, tofauti ni kubwa.

Sababu yake ni rahisi. Mashine ya petroli hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake kwa joto, kama ajuavyo kila mtu aliyefungua rejeta upesi akaungua mkono. Mota ya stima hupoteza kidogo tu. Haina oili ya kubadilishwa kila mara, wala plagi, wala klachi. Na ikiteremka kilima, mota hugeuka kuwa mashine ya kufua umeme, ikarudisha nguvu kiasi katika betri. Mkulima wa upande wa Gatundu huteremka Thika na mzigo, kisha hupanda na madebe matupu. Huyo mlima wenyewe unamsaidia.

Mpaka hapa mtu aweza kudhani shauri limekwisha. Bado, kwa sababu hatujaisema betri, na betri ndiyo mali yenyewe. Bila betri nzuri umenunua bati na viti. Nyingi ya motokaa za stima ambazo mtu wa kawaida ataonyeshwa ni zilizokwisha kutumika ng'ambo, kama vile Nissan Leaf za Japani. Gari hiyo ina vijiti 12 vidogo mbele ya dereva vinavyoonyesha afya ya betri, mbali na vile vinavyoonyesha chaji iliyomo. Vikiwa 12, vema. Vikibaki 8, betri imekwisha pungua theluthi moja hivi, na safari itapungua vivyo hivyo. Muuzaji atakuonyesha rangi na redio. Wewe tazama vijiti.

Jambo la pili ni njia. Anayekaa karibu na lami hana taabu, lakini kutoka shamba la upande wa Ngoliba wakati wa masika ni habari nyingine. Motokaa ndogo za stima ni nzito kwa ajili ya betri, na nyingi ziko chini chini. Ikikwama katika udongo mweusi, usiikokote kwa ng'ombe au trekta magurudumu yanayosukumwa na mota yakiwa chini, maana waweza kuiharibu. Tena petroli ikikuishia njiani, kijana ataleta jerikeni kwa bodaboda. Stima haiingii katika jerikeni.

Watu wengine husema stima hukatika. Ni kweli, tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikuwa gizani. Lakini Aprili 2022 petroli nayo iliadimika, na watu walipanga foleni ndefu vituoni. Hapo sioni wa kumcheka mwenzake.

Kwa maoni yetu, chombo cha stima kinachomfaa mkulima mdogo leo ni pikipiki ya kupeleka maziwa, ikiwa nyumbani kuna stima na safari ya siku haizidi kilomita 50 au 60. Hiyo ndiyo kazi ya wale wauza maziwa wa Uingereza. Lakini jihadhari: pikipiki nyingine huuzwa bila betri, nawe hulipa kila unapobadilishiwa betri kituoni. Kama kituo kiko Ruiru na wewe uko mbali ndani, umejifunga. Chukua ile ambayo betri yake ni yako na hutoka ikachajiwa nyumbani. Pikapu ya kubeba kabichi na mananasi mpaka Nairobi, tungeiacha iwe ya petroli au dizeli kwa sasa, au chama cha ushirika kijaribu moja kwanza. Kahawa ya Ruiru 11 ilipotolewa mwaka 1985, mkulima mwangalifu hakung'oa miti yake yote ya zamani siku moja.

Atakayechajia motokaa nyumbani amwite kwanza fundi wa stima mwenye leseni atazame waya za nyumba, kwa kuwa kuchaji huchukua saa nyingi usiku, na waya mbovu zaweza kuwaka moto watu wakiwa wamelala. Na watoto, hata na fundi wa kijijini, wasiguse waya nene za rangi ya machungwa zilizo ndani ya motokaa hiyo. Umeme wake huua.

Kabla ya kutia sahihi, omba kuijaribu ikiwa na mzigo kamili, katika njia ya kwako mwenyewe. Andika chaji ilivyokuwa ulipoondoka na ilivyobaki uliporudi, kisha kaa na jamaa nyumbani mpige hesabu.