Fahamu: Mbu huonjaje damu?

Mwambao wa Ziwa Nyasa, Lipingo ikiwamo, hakuna asiyemjua mbu. Kisichojulikana sana ni kwamba mdomo wake huonja, kwa vionjo vyake.

Vionjo hivyo ni nini?

Ni vinywele vinavyoonekana kwa hadubini tu. Nchani pana tundu. Kimiminika kikigusa hapo, kemikali zake huamsha chembe chache za neva zilizomo ndani, nazo huupa ubongo taarifa.

Viko wapi?

Kile tunachokiona kama sindano moja ni ala iliyofunika sindano sita nyembamba. Vinywele vingi viko kwenye vijimdomo viwili nchani mwa ala. Ala yenyewe haiingii mwilini: hujikunja, sindano zikazama.

Sindano za jike nazo zina vionjo. Mwaka 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walieleza kuwa kwa Aedes aegypti (mwenezaji wa dengi, si malaria) vionjo hivyo huitambua damu kwa mchanganyiko wa chumvi, bikaboneti ya sodiamu, sukari na ATP, kemikali ya nishati. Ajabu ni kwamba sukari peke yake haikuziamsha neva hizo.

Kwa nini uonjaji huu ni muhimu?

Mbu dume na jike hunywa maji matamu ya maua. Damu ni ya jike, kwa ajili ya mayai. Kwa kuwa wote huonja na kunywa utamu, chambo cha sukari yenye sumu, kinachotundikwa kwenye kuta za nje, kimejaribiwa magharibi mwa Kenya, Zambia na Mali. Chandarua humkinga aliyelala; chambo humlenga mbu ambaye bado yuko nje.