Kuandika Wasia si Kujitakia Kifo

"Baba atakaa wapi?"

Neno hilo nililisikia mara tatu asubuhi moja huko Ekerenyo, katika kaunti ya Nyamira, nchi ambayo zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kisii. Mara ya kwanza nilistaajabu, kwani nilijua ya kuwa baba yake marehemu aliyetupeleka huko alikwisha fariki siku nyingi. Kumbe kwa Kikisii "baba" ni mama, na baba mzazi huitwa "tata". Aliyekuwa akiulizwa atakaa wapi ni bibi kizee aliyeketi mbele yetu juu ya kigoda, amejitanda leso, naye ndiye aliyemzaa sahibu yetu.

Sahibu huyo alikuja Mombasa angali kijana kutafuta kazi, akasilimu kwa hiari yake, akaoa kwetu, akajaaliwa mvulana mmoja na wasichana wawili. Tulisali naye safu moja miaka mingi. Alipopata uwezo alinunua shamba dogo huko kwao, akapanda chai na migomba, akajenga nyumba ya mabati akamweka mama yake. Hati ya shamba ilikuwa kwa jina lake mwenyewe. Mama na ndugu zake ni Wasabato, kama walivyo wengi katika nchi ya Wakisii, na jambo hilo halikupata kuuharibu udugu wao. Kisha mauti yakamjia ghafla, asiache hata mstari mmoja wa wasia. Mjane wake alipotoka eda ya miezi minne na siku kumi, alituomba wazee wawili tufuatane naye kwenda Ekerenyo kuzungumza na jamaa.

Tuliwakuta ndugu wawili wa marehemu wamekwisha anza kuchuma chai. Hawakuwa watu wabaya. Walitupokea kwa heshima, wakatuandalia chakula, na wakaeleza hoja yao kwa utulivu. Kwa desturi yao, mali hugawanywa kwa enyomba, yaani nyumba ya kila mama, na ardhi hushikwa na wanaume wa ukoo. Binti ataolewa kwingine, na mjane aliyetoka pwani huenda akauza shamba kwa mgeni. "Mzee," aliniambia mdogo wa marehemu, "sisi hatumfukuzi shemeji. Twauliza tu, shamba likiuzwa, baba atakaa wapi?"

Mjane naye akajibu ya kuwa mumewe alikuwa Mwislamu, na mali yake itagawanywa kama alivyoamuru Mwenyezi Mungu. Kila upande ulikuwa umeshika sheria yake, na kila upande ulidhani ya mwenzake si kitu.

Basi tuitazame sheria yenyewe, maana hata sisi wa pwani wengi wetu twaizungumza kwa kusikia. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, ilipitishwa mwaka 1972 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Nia yake ilikuwa kuwaweka Wakenya wote chini ya kanuni moja. Waislamu waliipinga, kwa kuwa mafungu ya mirathi yamekwisha tajwa katika Surat An-Nisaa na hapana binadamu awezaye kuyabadili. Mwaka 1990 Bunge liliirekebisha. Tangu hapo, mtu akifa hali ni Mwislamu, mali yake hurithiwa kwa sharia ya Kiislamu, awe amekufa na wasia au bila wasia.

Lakini marekebisho hayo yana upande wa pili ambao hatupendi kuusoma. Sehemu ya saba ya sheria hiyo, inayohusu usimamizi wa mali ya maiti, yatuhusu sisi pia pale isipopingana na sharia. Maana yake ni kwamba Qurani itakupa fungu lako, lakini ofisi ya ardhi haitafuta jina la maiti katika hati mpaka uiletee karatasi ya mahkama. Yatakiwa cheti cha kifo, barua ya chifu inayowataja warithi, na maombi ya usimamizi, ambayo hutangazwa katika Gazeti la Serikali kwa siku 30 ili mwenye kupinga apinge. Kwa kawaida hati ya usimamizi huthibitishwa baada ya miezi sita, ndipo mali igawanywe. Na kabla ya hayo, ashikaye mali ya maiti bila idhini anatenda kosa. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Tulipolieleza hilo, wale ndugu walitazamana, na mkubwa wao akasema uchumaji utasimama hadi mahkama iseme.

Lilibaki suala la mama, nalo ndilo zito.

Katika sharia yetu, kwanza hutolewa gharama za maziko, kisha madeni, na mahari yasiyolipwa ni deni, kisha wasia, ndipo warithi wapate. Marehemu huyu ana mke na watoto, hivyo mke ana thumuni, yaani moja ya nane. Kilichobaki ni cha watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Tukiikata mali vipande 32, mjane anapata 4, mvulana 14, na kila msichana 7. Ndugu wa marehemu hawana kitu, na hata wangekuwa Waislamu wasingepata, kwa sababu mtoto wa kiume huwazuia.

Mama je? Lau angekuwa Mwislamu angepata sudusi, moja ya sita, wala hapana wa kumzuia. Lakini asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu. Kwa Kadhi pia njia ni nyembamba, kwani Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, humpa Kadhi mamlaka pale tu ambapo wote wanaohusika ni Waislamu na wameridhia kuamuliwa naye. Mama akisimama kupinga, shauri litakwenda Mahkama Kuu. Huko nako, kwa kuwa aliyekufa ni Mwislamu, yatakiwa ifuatwe sharia hiyo hiyo. Hivyo yule aliyemzaa, aliyekaa katika nyumba aliyojengewa na mwanawe kwa mapenzi, hakuwa na haki hata ya mlango wake.

Msomaji asije akasema sharia imemwonea. Sharia ilikwisha mfungulia mlango, sisi ndio tulioufunga kwa uvivu. Mwislamu ameruhusiwa kuusia hadi thuluthi ya mali yake. Wasia haumfai mrithi ila warithi wenzake wakikubali, kwa kuwa mrithi fungu lake analo. Asiyerithi ndiye hasa aliyewekewa thuluthi hiyo. Kwa hiyo lile lile lililomzuia mama huyu kurithi ndilo lililomfanya astahili kuusiwa. Mwanawe angeliandika maneno machache tu, ya kuwa nyumba na kiwanja chake apewe mama, maadamu hayazidi thuluthi, wala pasingekuwa na mtu wa kuuliza atakaa wapi.

Mbona hakuandika? Namjua sahibu yangu, hakuwa bahili wala mjinga. Alikuwa na woga tulio nao sote, kwamba atajaye wasia ameita kifo. Hali Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufunza ya kuwa Mwislamu mwenye kitu cha kuusia haifai alale masiku mawili pasina wasia wake kuwa umeandikwa. Hadithi hiyo twaisikia msikitini, tukitoka twaiacha pamoja na viatu vya watu.

Wako wasemao kwamba wasia wa mdomo watosha. Kwa wasio Waislamu, sheria ya nchi hukubali wasia wa mdomo ukisemwa mbele ya mashahidi wawili na mwenyewe akafa kabla ya miezi mitatu kupita. Wa maandishi hutiwa sahihi mbele ya mashahidi wawili. Sisi hatufungwi na kanuni hizo, sharia yaridhika na mashahidi waadilifu. Lakini mashahidi nao hufa, na wengine husahau. Ikiwa deni dogo tumeamrishwa tuliandike, shamba zima twaliachaje midomoni mwa watu?

Yuko pia awezaye kutoa hiba angali hai na mzima, akamkabidhi mama nyumba yake kweli kweli. Hiba haina mpaka wa thuluthi. Ila ikiwa ni shamba la kilimo, kumbuka kupata idhini ya bodi ya ardhi na kubadili jina katika hati, la sivyo itabaki kuwa maneno. Na mwenye kutaka mali isiuzwe daima, mlango wa wakfu u wazi, nasi watu wa pwani twaujua toka kwa mababu.

Huko Ekerenyo mambo yaliishaje? Mjane aliyasikiliza yote, kisha akasema yeye fungu lake analiweka katika nyumba ile, na mkwewe akae humo mpaka Mungu amchukue. Kijana wake, aliyekwisha baleghe na kupata akili, naye akaridhia katika fungu lake. Mafungu ya wasichana hatukuyagusa, kwa kuwa wangali wadogo, na mali ya yatima ni amana. Katika sura hiyo hiyo ya An-Nisaa tumeagizwa kuwa jamaa wasiorithi wakihudhuria ugawaji, wapewe chochote na waambiwe maneno mema. Siku hiyo niliona agizo hilo likitendwa.

Yule bibi alitafsiriwa maneno yetu, akanyamaza kidogo, kisha akauliza jambo moja. Je, jina lake limo katika karatasi?

Halikuwamo. Atakaa kwa hisani ya mkwe na mjukuu, nao ni watu wema. Lakini angekaa kwa haki aliyoandikiwa na mwanawe. Mjane akija kufa, au kijana akija kubanwa na madeni, hisani hiyo itamlinda nani?

Nawe msomaji mwenye mama, au mlezi, au ndugu asiyekurithi na hali anakutegemea, leo baada ya isha chukua kalamu na waite watu wawili unaowaamini. Hesabu madeni yako, taja thuluthi yako na umtakaye, kisha mwonyeshe Kadhi au mwanachuoni akusahihishie. Ajali iko pale pale ilipoandikwa, wala kalamu yako haiisogezi.

Wallahu aalam.